Wanauza Nyumba za Lokesheni

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimefua mashuka ya hospitali hadi vidole vimekunjamana. Kufika nyumbani, mvua imeingia tena. Sufuria chini ya paa, beseni juu ya kitanda. Niliomba bati kwa karani wa nyumba. Leo amenijibu: serikali haina tena pesa za kutengeneza nyumba za lokesheni, huu mtaa wa serikali wa sisi Waafrika. Zitauzwa. Mpangaji anunue ama ahame.
Sikula.

Jumatano, 6 Machi
Mkutano uwanjani. Mzee Barasa, jirani yangu, fundi wa viatu, alisimama. "Ati tununue nyufa? Watengeneze kwanza, bwana!" Wote wakakubali: hakuna kutia sahihi ya kununua mpaka paa zitengenezwe. Nami niliinua mkono.
Halafu hofu. Nyumba ina jina la Wafula, mume wangu, naye yuko kaburini tangu mwaka juzi. Kodi inatoka kwa mshahara wangu. Lakini kwa karani mimi si mtu.

Jumamosi, 9 Machi
Wekesa, ndugu mdogo wa Wafula, amefika kwa basi kutoka Bungoma. Kasikia habari za nyumba. Anataka kuinunua kwa jina lake, na mimi anirithi niwe mke wake hapo hapo. "Shemeji, si nakusaidia?" Ana wake wawili. Alizunguka chumba akigonga kuta kama anayechagua ng'ombe.
Nikampikia. Najichukia kwa kumpikia. Binti yangu Naliaka alikataa kukaa naye mezani.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani. Sikusikia hata neno moja.

Jumanne, 12 Machi
Wekesa amekwenda ofisini, kapokewa vizuri. Alhamisi karani anakuja kukagua nyumba, Wekesa atie sahihi ya kununua.
Nimewaza kuhamia Kipsongo, huko kwa maskini wa pembeni mwa mji, nijenge kibanda. Nimewaza kurudi kwa mama. Nimefunga nguo, nimezifungua. Nimefagia mahali palipofagiwa. Nina hasira na Wafula kwa kufa.
Jioni nilimwambia Mzee Barasa kila kitu. Alisikiliza huku akishona kiatu. Nikarudi nikiona aibu.

Alhamisi, 14 Machi
Walikuja asubuhi, karani na Wekesa. Nilisimama mlangoni. Nilishika fremu.
"Mama, tupishe," karani akasema.
"Andika jina yangu. Nina kazi. Kodi ni mimi nalipa."
Akacheka. "Nyumba haiandikwi jina ya mwanamke."
Wekesa akanishika mkono anivute. Nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani.
Kumbe majirani wametoka, njia imejaa. Mzee Barasa akaja mbele, viatu vya mtu bado mkononi. "Karani, hii nyumba ikiuzwa leo, kesho mtauza zetu kwa watu wa nje. Huyu mama hatoki."
Wanawake wakaketi chini, mbele ya mlango wangu. Karani akatazama, akafunga mkoba wake. Wekesa akamfuata huku akinitukana kwa Kibukusu.
Nililia baada ya wao kuondoka. Si kwa huzuni.

Jumamosi, 16 Machi
Wekesa amerudi Bungoma. Ameapa ukoo mzima utasikia. Wasikie. Kila nikisikia basi likipiga honi, nachungulia njiani.

Ijumaa, 22 Machi
Wapangaji tumeitwa ofisini. Bwana mkubwa, Mzungu anayemsimamia karani, amesema mauzo yamesimamishwa kwanza. Zitatengenezwa nyumba zilizoharibika zaidi. Yangu imo. Nimeandikwa mpangaji, jina langu mimi, Rael Nafula. Karani aliandika bila kuniangalia.
Si kununua. Wanaweza kubadili nia mwakani. Nimefurahi, na siamini.

Jumapili, 31 Machi
Baada ya kanisa tumechimba shimo nyuma ya nyumba, mimi na Naliaka. Tumepanda mche wa mpera. Miaka yote hapa hatukuwahi kupanda kitu kisicholiwa msimu huohuo. Naliaka aliuliza utazaa lini. Nikamwambia bado sana.
Akaenda kuchota maji. Nilibaki nimekaa pale, mikono ina udongo.