Shikamoo Iliyoahirisha Upasuaji wa Dada Aoko

Kijiji cha Kerende,
Wilaya ya Tarime,
Mara, Tanzania.
9 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Nashoni,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nakujulia hali wewe, shemeji Akinyi na jamaa wote wa huko Migori. Sisi ni wazima, mahindi yamebeba vizuri, na mgonjwa wetu dada Aoko amepona.

Madhumuni ya barua hii ni kukueleza kinagaubaga yaliyotokea hospitalini, na kuomba uamuzi wako kuhusu rovu la shemeji, ule uvimbe wa shingoni.

Ulinieleza kwa simu kwamba binti yetu, Daktari Nice, "aliogopa kisu". Kwa unyenyekevu naomba kukanusha.

Asubuhi ile dada alikuwa hajala kitu, tayari kutolewa rovu lake. Nice naye alikuwa amekesha akiwapasua majeruhi wa basi dogo lililopinduka. Alipoingia wodini, Mokami, mke wa mwanangu Vincent, alipiga goti akamwamkia, "Shikamoo, wifi daktari." Nice akaitikia, "Shikamoo."

"Ee! Tangu lini nimekuwa mama mkwe wako?" Mokami akauliza. Wodi nzima ikacheka, hata dada Aoko na rovu lake.

Nice hakucheka. Alitazama mikono yake, kisha akasema, "Kama salamu imenishinda, shingo ya shangazi siigusi leo. Mpeni uji."

Dada alifoka, unamjua. "Yaani nimelala njaa kwa sababu ya shikamoo?" Nilipomsihi Nice kama baba yake, alinijibu kwa adabu, "Baba, nyuma ya rovu unapita mshipa wa sauti. Nikiwa nimechoka naweza kuukata, au nikafunga vibaya mishipa ya damu, shangazi akavuja damu nikiwa nimeshaenda nyumbani. Rovu lenyewe limekaa miaka. Litanisubiri nilale."

Akalala. Kesho yake akampasua. Dada alipozinduka alianza na hili: "Hiyo chai mbona haina sukari?" Sauti ni ile ile, kaka! Jumapili iliyopita ameongoza kwaya, na kovu lake ni jembamba kama uzi.

Naandika kwa fahari, tena bila haya: mtoto aliyetamka mbele ya wodi nzima, na mbele ya baba yake, kwamba amechoka, ni wa ukoo wetu.

Nice yuko tayari kumpasua shemeji kwa sharti moja: akijiona amechoka siku hiyo, ataahirisha tena, na asiwepo wa kumnunia.

Dada Aoko, Vincent na Mokami wanawasalimu sana. Mwenyezi Mungu aipe nyumba yako afya na utulivu.

Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu. Baada ya kushauriana na mwenye shingo yake, naomba unijibu: shemeji aje, au asije?

Mdogo wako akupendaye kwa heshima zote,
Athanas Olima