Bunduki ya Harusini

Zuwena mjukuu wangu,

Assalamu alaykum. Hapa Ansab tu wazima, alhamdulillahi, ila bibi yako anasema nitalitoboa zulia kwa kuzunguka. Tangu uniulize, "Babu, nichukue bastola au bunduki kubwa?" kwa ajili ya hao dubu wa porini huko Kanada, situlii. Nnakaa, nnainuka. Chai yangu imeshapoa mara mbili.

Ujanani kwetu Tabora, simba alianza kutuchukulia ng'ombe. Nikabeba bunduki ya baba, nikenda kumsaka pamoja na jirani yetu, Mzee Kasimu. Bunduki ile nilidhani naijua. Kila harusi nilicheza nayo razha, ngoma yetu ya silaha: naitupa juu, inazunguka, naidaka kwa mkono mmoja, na wanawake wanapiga vigelegele. Kulenga shabaha sikuwahi hata siku moja.

Simba akatoka kichakani, karibu kabisa. Mikono yangu ikafanya kitu pekee ilichokizoea. Wallahi, Zuwena, niliitupa juu!

Aliyempiga ni Mzee Kasimu, kwa gobori lake kuukuu la kufukuzia nguruwe shambani kila wiki.

Kwa hiyo, kuhusu ukubwa wa bunduki, sijui nikwambie nini. Yoyote utakayochukua, ifyatue kila siku kabla hujaingia huko porini, mpaka bega likuume, kisha uniandikie ili na mimi nikae kitako.

Na barua hii usije ukamsomea bibi yako kwenye simu. Yeye alikubali kuolewa na kijana aliyemuua simba.

Babu yako