Vidole Vinne Begani kwa Nyakato

Tata,

Sikuandikii kukusalimia. Nilikuaga, baba yangu, siku ile tulipokulaza migombani nyuma ya nyumba, nikashindwa hata kurusha udongo mpaka kaka Deus akanishika mkono. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu siku hiyo. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimekutilia shaka, na mtu wa kumuuliza ni wewe tu.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Umenilea wewe. Daftari la mwanafunzi aliyekosa ulilisahihisha mara moja, la aliyepata yote ukalirudia. "Aliyepata yote mtazame vizuri," ulikuwa ukisema. Sasa nakutazama wewe.

Ilianza mwezi Juni, kahawa ikiwa uani inaanikwa. Nilikuwa dukani kwangu Rwamishenye, nampiga mteja picha ya pasipoti, Deus akapiga simu. "Koku, njoo nyumbani. Kuna mgeni ana picha za bibi zetu. Za wakati wa Mjerumani!" Nikamuuliza mgeni anataka nini. Akasema, "Hataki kitu." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu asiyetaka kitu hatoki Dar es Salaam mpaka Nshamba.

Kesho yake asubuhi nikafunga duka nikaja. Nilimkuta mgeni amekaa kwenye kiti chako, Tata, kile ambacho hata mimi sijakikalia tangu uondoke. Aliinuka akaniamkia vizuri. Jina lake Bwana Lusajo, mtafiti, Mtanzania kama sisi, ametumwa na makumbusho ya huko Ulaya. Nilikuwa nimejiandaa kumshuku Mzungu. Huyu alinivuruga kidogo, nikalazimika kuanza upya.

Akatueleza kwamba zamani hizo ulipita huku msafara wa Wajerumani ukipiga picha kila kitu: vilima, njia, nyumba za msonge, ng'ombe, watu. Watu walisimamishwa mbele ya mkeka, pembeni imesimikwa fimbo yenye alama za vipimo. Walipigwa uso, wakageuzwa wakapigwa ubavu, kisha wakaandikiwa namba.

"Kama magunia," nikasema.

"Ndiyo maana tunataka kuwarudishia majina yao, dada," akajibu.

Jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, nikaliweka pembeni.

Akafungua kishikwambi. Wanawake wawili, wamevaa magome ya mti, lile vazi letu la zamani. Namba 31 na namba 32. Wa kwanza anatazama mbele, macho makavu. Wa pili uso wake haupo. Alikuwa ametikisa kichwa wakati picha inapigwa, na kamera za siku zile zilitaka mtu atulie kama jiwe, basi uso umetoka kama moshi. Deus alikuwa ameshaanza kulia. "Ona Koku, hawa ndio waliotuzaa!" Na mezani, mbele yake, kulikuwa na fomu ya ridhaa na kalamu imefunguliwa. Familia ya wanawake hao ingealikwa kwenye ufunguzi wa maonyesho, huko huko Ulaya. Mwakilishi mmoja. Deus alikuwa ameshauliza kama kule kuna baridi.

Mimi sikuwatazama wanawake kwanza. Miaka kumi na tano nakata picha za watu. Jicho langu huenda pembeni kabla ya kwenda usoni. Na pembeni, begani kwa namba 32, niliona vidole vinne. Havikuwa vya namba 31, mikono yake yote miwili ilionekana. Vidole vinne, halafu picha ikaisha.

"Hii picha imekatwa," nikasema.

Bwana Lusajo akakigeuza kishikwambi upande wake kabla ya kujibu.

"Waandaaji waliona upande ule unavuruga," akasema.

"Nani kakatwa?"

"Sina picha nzima hapa."

Nikachukua fomu ile nikaikunja nikaitia kwenye pochi yangu. Deus alinifuata mpaka nje, karibu na mashine ya kukoboa kahawa, amekasirika hadi sauti inakwaruza. "Wewe ungekuwepo badala ya Tomaso, Bwana Yesu angeombwa hata kitambulisho! Mtu ametuletea baraka mlangoni, unamhoji kama mwizi." Nikamuuliza swali moja tu: nani kamwambia hawa ni bibi zetu? Akasema mgeni ndiye kasema. Nikarudi ndani nikamuuliza mgeni: nani kakwambia hawa ni wa nyumba hii? Akasema, kwenye daftari la msafara kuna jina la mtu mmoja wa hapa Nshamba, Kaijage, na wazee wa kijiji ndio waliomwelekeza kwetu. Wanawake hawana jina. Wameandikwa tu, "mapacha."

Mapacha, Tata.

Wewe mwenyewe ulisema siku ya ubatizo wa mwanangu, mbele ya padri, kwamba katika ukoo wetu hajawahi kuzaliwa pacha hata mmoja. Ulicheka, ukasema tumenyimwa. Ila ng'ambo ya kijia, kwa Bibi Kemilembe, kila kizazi kina mapacha. Wanawe Ishengoma na Kato ni mapacha. Shangazi zake nao walikuwa mapacha. Deus alijua hayo kama ninavyoyajua mimi. Nilimtazama, akatazama chini. Sitaki kusema alidhamiria kuiba bibi za watu. Nafikiri aliwataka tu, akaacha kuuliza.

Nilimwambia Bwana Lusajo kwamba bila picha nzima na ukurasa wa daftari, hakuna sahihi. Akaondoka kwa adabu. Nilijua hatarudi. Nilikosea; siku ya tano vikaingia kwenye simu yangu, vyote viwili, na ujumbe: "Dada Koku, naomba radhi. Nilijua. Sikutaka kuingia kwenu na aibu mkononi."

Nilikuwa dukani peke yangu. Nikaikuza ile picha.

Mwenye vidole ni kijana mwenye kanzu nyeupe, kofia, na tabasamu. Kamshika namba 32 begani ili atulie. Kwa mkono wa pili kashika ile fimbo ya vipimo. Na kwenye ukurasa, ambao Bwana Lusajo alikuwa ameutafsiri kwa mkono wake chini yake, Mjerumani ameandika kwamba mkalimani wao Kaijage aliwaambia habari za mapacha waliokuwa jirani yake, akaenda kuwaleta, na mmoja alikataa ikabidi ashikwe.

Kaijage. Babu yako, Tata. Babu uliyetuambia alibeba mizigo ya Wazungu kwa kulazimishwa, akatoroka njiani. Tulimwonea huruma utoto mzima! Na mtu mwenyewe hakubeba hata mkoba.

Nilijaribu kutoamini. Nikajiambia daftari la Mjerumani ni la Mjerumani, aliandika alivyotaka. Tafsiri ni ya Lusajo, na Lusajo ameshatudanganya mara moja. Pengine kuna Kaijage mwingine. Nikailinganisha ile sura na picha yako ya kustaafu, ile niliyokupiga mimi. Nikafunga simu. Pua ile haikuwa na Kaijage mwingine.

Ndipo nikakumbuka mambo. Kila mwaka mkungu wa kwanza uliokomaa haukuingia jikoni kwetu. Uliukata mwenyewe, ukanibebesha, ukasema, "Mpelekee Bibi Kemilembe." Nikiuliza kwa nini, ulisema, "Jirani ni jirani." Majirani walikuwa wanne, Tata. Nilipeleka kwa mmoja.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda. Nilichapa ile picha nzima kwa karatasi nzuri, nikaifunga kwenye bahasha. Bibi Kemilembe alikuwa barazani kwenye mkeka, anachambua maharage. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akanipa kahawa ya kutafuna kabla sijasema neno, na nikaitafuna, chungu, nikiogopa kufungua ile bahasha.

Nikamwambia yote. Sikupunguza. Nilipomaliza akaipokea picha, akaileta karibu na jicho lake linaloona.

"Huyu ni Nyangoma," akasema, akigusa namba 31. "Na huyu Nyakato. Huyu ndiye bibi yangu, nimelala mgongoni kwake."

Nikasema, samahani Bibi, uso wake umeharibika.

"Haujaharibika. Anakataa. Humwoni? Bado anakataa."

Kisha akaniambia lililotokea. Kwao mtu aliye hai hakupimwa kwa fimbo toka utosini mpaka unyayoni. Aliyepimwa hivyo ni maiti, ili wajue urefu wa kaburi. Nyangoma alisimama kimya akapimwa. Akafariki msimu ule ule, kwa homa. Nyakato aliishi mpaka akazeeka, na hadi kufa kwake hakupita kwenye kijia cha kwetu. Alizunguka kule bondeni, hata akiwa na mtungi wa maji kichwani.

"Basi mlijua," nikasema. "Siku zote."

"Tulijua. Tulikuwa tunawangoja ninyi mseme."

Halafu akasema neno ambalo ndilo linaloniandikisha barua hii. "Baba yako alikuja mara moja. Mwaka ule aliostaafu. Alikaa hapo ulipo. Nikampa kahawa, akatafuna, akazungumza habari za mvua. Akanyamaza. Nikajua leo anasema. Nikaacha hata kusuka ukili, nikamngoja. Akainuka, akaniaga, akaenda."

Tata, nilikuwa nimejitayarisha ukiwa mwongo. Nilikuwa nimejitayarisha pia ukiwa hujui kitu, umedanganywa nawe. Sikujitayarisha kwa mtu aliyefika mpaka kwenye mkeka, akazungumza habari za mvua.

Ulimwogopa nani? Mzee aliyeshakufa? Au ulituogopa sisi, kwamba tutakutazama kama ninavyokutazama sasa? Na ile mikungu: ulikuwa unaomba radhi, au ulikuwa unanunua kimya chake? Nimeligeuza swali hili kila upande. Siku nyingine nakupa jibu zuri, siku nyingine nakupa baya.

Bibi Kemilembe ndiye aliyetia sahihi ile fomu, kwa dole gumba, baada ya mimi kumsomea kila mstari na kufuta miwili. Alitaka mambo mawili. Majina ya wale wanawake yaandikwe. Na ule mkono usikatwe, mwenye mkono aandikwe naye kwa jina, na kwao, na kwamba alikuwa jirani. Bwana Lusajo alileta maandishi ya kwanza wakiwa wamemwita Kaijage "msaidizi wa eneo hilo." Nikayarudisha. Ya pili wakakosea jina la Nyangoma. Nikayarudisha tena. Ya tatu nimeyakubali, ingawa nimebaki na nakala, maana simwamini mtu anayeficha picha kwa huruma.

Deus hakunisemesha wiki sita. Alisema nimekufukua kaburini na kukuvua nguo hadharani. Alisema wajukuu wa Kemilembe sasa watatudai hata migomba. Hawajadai. Atakayesafiri kwenda ufunguzi ni mjukuu wa Bibi, binti anayefundisha shule kule Izimbya, na juzi alikuja dukani nimpige picha ya pasipoti. Nilimwambia atulie, atazame mbele. Akacheka, akasema, "Dada Koku, usinishike bega." Tulicheka wote wawili, kisha tukaacha kucheka kwa pamoja.

Kuhusu Deus, jana alinipigia. Tunapanga misa yako ya mwaka. Tulikuwa tukihesabu wageni, sahani, nani ataleta ndizi, ghafla akauliza, "Ukimwalika Bibi Kemilembe, atakubali kupita kwenye kijia chetu?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nitaenda kumuuliza mwenyewe." Sijui kama ataenda. Kaka yangu huahidi haraka. Lakini asubuhi hii mkewe ameniambia alimwona anapiga pasi shati jeupe, na leo si Jumapili.

Tata, nakuaga. Nimekuwekea maneno makali, na sifuti hata moja. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kwa kalamu ya wino. Siku ya misa nitasimama nikusome kama ulivyokuwa: mwalimu, baba mwema, mjukuu wa Kaijage. Nakuahidi sitaongeza sifa ambayo hukuwa nayo, wala sitakunyang'anya uliyokuwa nayo. Na watoto wangu nitawaambia mimi, kwa kinywa changu, kabla hajaja mgeni mwingine na kishikwambi.

Bado sikuamini sawasawa. Nakupenda sawasawa. Pumzika na hayo yote mawili.

Binti yako,
Koku