Hita ya Landrova na Turubai la Mkamwana

Masoko, 7 Machi 1993

Mwanangu Lugano,

Huku tunaendelea, ila mvua haikatiki na mama yako ananilaumu mimi. Mkeo Agness anakula vizuri. Lakini mkunga amesema mtoto amekaa mkingamo, hivyo ni lazima akazalie hospitali, Tukuyu. Pikapu haziji Masoko masika yakikolea. Limebaki Landrova letu, na dereva ni mimi.

Kuhusu heshima usihofu. Mchungaji alihubiri kwamba mila ya mkamwana kutoonana wala kusemezana na baba mkwe imepitwa na wakati. Nikaitikia amina, kesho yake nikaenda kununua turubai. Nimelipigilia nyuma ya viti vya mbele, juu mpaka chini. Agness na mama yako watakaa nyuma, mimi na ukungu mbele.

Na ukungu ndio tatizo. Hita inapuliza baridi, kioo cha mbele kinajaa mvuke kwa ndani. Jana nilisimamisha gari nikamwamkia mwinjilisti kwa adabu zote. Alikuwa ng'ombe wa Anyosisye. Wewe unashinda gereji. Niambie nianzie wapi.

Baba yako


Dar es Salaam, 20 Machi 1993

Baba, shikamoo, na ya mama umfikishie.

Mimi mzima, jasho tu. Nilimuuliza fundi mkuu, mzee Alawi, habari za hita. Akaita gereji nzima: "Njooni mumsikie huyu! Baba yake anatafuta joto!" Walipomaliza kucheka ikaonekana hakuna hata mmoja aliyewahi kutengeneza hita. Huku zinang'olewa.

Ila Alawi ni mtu wa kufikiri. Anasema hita inapata joto lake kwenye maji ya injini. Injini ikishapata moto, shika mipira miwili inayoingia kwenye hita. Ikiwa baridi, basi maji yamezuiwa mahali. Nimempa dereva wa basi mipira mipya akuletee. Tangu biashara iachiwe huria maduka yamejaa, hatuungi tena kwa tyubu kuukuu.

Tafadhali Baba, Agness asisafiri kabla kioo hakijapona.

Mwanao


Masoko, 4 Aprili 1993

Mwanangu,

Mipira imefika, na dereva wa basi anakusalimu. Sote wazima, Agness amekuwa mzito, nasikia.

Nilishika kama ulivyosema. Baridi kama maji ya ziwani. Nikafungua, nikakuta ndani kizibo cha mti, kimechongwa vizuri kabisa. Gari hili lilitoka Tanga. Dereva gani wa huko angetaka joto? Nimekitoa. Sasa hita inachoma magoti, na mama yako amekuja kuanikia soksi.

Ungedhani yamekwisha. Kioo bado kinajaa mvuke! Basi nimekaa mle ndani, gari limesimama, injini inaunguruma, nikipumua kwa ajili ya elimu. Nikifunga mlango, mvuke. Nikiuachia kidogo, kioo safi. Madirisha hayasogei, njia zake zimeota kuvu. Halafu kuna hili la ajabu: nikiinua turubai, hata mlango ukiwa umefungwa, kioo kinatakata. Jirani Lazaro ameniuliza kama nimegombana na mama yako hata nahamia garini.

Joto lipo, linapuliza. Turubai linahusikaje na kioo?

Baba yako


Dar es Salaam, 17 Aprili 1993

Baba, shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyumbani.

Safari hii Alawi hakucheka. Anasema hita inavuta hewa ya nje, lakini hiyo haiingii kama ya ndani haina pa kutokea. Landrova linatolea hewa nyuma, kwenye matundu. Wewe umeziba njia.

Baba, litoe turubai. Najua ninachokuomba, na naona haya kukiandika. Lakini heri haya kuliko kusikia gari limetumbukia korongoni na mke wangu ndani. Na wewe na mama pia, bila shaka.

Mwanao


Masoko, 10 Mei 1993

Lugano,

Telegramu ya mama yako ilikuambia ni msichana na wote wazima. Haikuwa na nafasi ya kukuambia tulifikaje. Barua yako ilikuta tumeshasafiri, na turubai.

Uchungu ulimshika Jumapili, mvua ikimwagika. Nilianza na mlango wazi kidogo, maji yakanijaa mapajani, nikaufunga. Kabla ya daraja kioo kikawa cheupe. Nikasimama. Kusema naye sikuweza, kwa hiyo nikasema na turubai: "Mama Lugano, mwambie mwenzio sioni kitu."

"Amesikia," mama yako akajibu. "Si kiziwi."

Nikasikia turubai linachanwa. Mkono ukapita juu ya bega langu na kanga, ukafuta kioo. Mvuke haukurudi, hewa ilikuwa inapita. Kisha sauti ambayo tangu umuoe nimeisikia jikoni tu, ikisema na wengine: "Baba, kushoto kuna korongo."

Nikashika kulia.

Hospitali walimpasua siku hiyohiyo. Leo tumewarudisha nyumbani. Nesi alikataza mwenye mshono kukaa nyuma, kunarusha, akamweka mbele. Mimi nikatazama barabara, yeye dirisha. Nilidhani tutafika hivyo. Kwenye mashamba ya chai akaweka kiganja mbele ya hita.

"Baba, hili joto linatoka wapi?"

Mwanangu, hakuna mtu wa nyumba yangu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikaanza na rejeta. Tumeingia Masoko hata kwenye mipira sijafika. Amesema kesho nimalizie.

Baba yako