Boti ya Jioni na Kaburi la Massoudi

Buyenzi, Avenue ya 14,
Bujumbura.
Tarehe 22 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Anouar,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Mwantum na watoto wote wawili. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kazi ya ghalani inakukata kiuno, nami nikakuambia ujikande kwa mafuta ya nyonyo. Najua hukujikanda. Na je, bado unakula lile jibini lenye rangi ya sabuni ya kufulia? Mwantum anasema unalipenda kuliko sambusa. Huyo si Anouar wetu, wamembadilisha huko Norwe.

Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama magoti yalimsumbua masika yote, na presha yake hupanda na kushuka inavyotaka, lakini amerudi kukaa barazani na kunikosoa ninavyopepeta mchele, basi najua hajambo. Mwanangu Houda anafanya mtihani mwezi ujao. Mafuta ya gari bado ni shida, foleni za magari hulala vituoni, na watu wanapanda kilima cha Kiriri kwa miguu kama wanahiji.

Barua hii utapewa na Esperance, jirani yetu wa nyuma, anayerudi huko Jumapili. Utajiuliza kwa nini dada yako ameandika karatasi wakati simu ipo. Soma polepole, utaona. Na uisome umekaa.

Umeniuliza mara tatu kama ile boti ya watalii inayowapeleka watu ziwani kula chakula cha jioni jua likizama inafaa, ili ulipie nafasi nane kabla ya kuja Julai. Mara zote tatu nilikuambia mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Anouar. Jibu la boti ninalo, ila limefungamana na jambo jingine kuhusu marehemu kaka yetu Massoudi, na siwezi kukupa moja nikakunyima jingine.

Nianze na boti. Jumanne nilifunga cherehani mapema, nikaenda na Houda mpaka ufukweni wanapoifunga. Aliyetupokea ni bwana mmoja anaitwa Sylvère, mtu wa heshima, akanitembeza kote bila haraka. Ni safi kuliko nilivyotarajia. Ina meza kumi na mbili zenye vitambaa vyeupe, viti vya mbao, choo kinachofungika. Jaketi za kuokolea zipo, nililifungua sanduku lake nikazishika moja moja mpaka Houda akaona haya. Inatoka saa kumi na moja, inakwenda taratibu kuelekea mdomo wa mto Rusizi muone viboko, kisha inasimama katikati mwangalie jua likiingia nyuma ya milima ya Kongo. Wanauza bia, lakini alisema wanaweza kututengea upande wetu, na nyama wanachukua kwa mchinjaji Mwislamu. Wakikosa mafuta wanaahirisha siku. Bei ni ya matajiri wa Kiriri, lakini wewe uliniambia nisijali habari ya bei, basi sikutajii.

Halafu akatoa daftari. Alitaka majina ya wote na kila mmoja atakula nini, kwa sababu samaki wanawanunua asubuhi ile ile. Nikaanza na jina la Mama. Akaniuliza, kalamu mkononi, "Uyu mama atakula mukeke ao nyama?"

Anouar, hebu fikiri. Swali la chakula tu. Nilisimama pale mbele ya mgeni, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili, machozi yakanitoka mpaka Sylvère akaenda kunitafutia kiti. Houda akaniambia, "Mama, si umwambie tu nyama," na mimi hata hilo sikuweza kulisema.

Mama hali samaki wa ziwa hili. Mukeke, ndagala, sangala, hata mchuzi uliopikiwa samaki hauonji. Ni mwaka wa saba sasa. Majirani wamezoea, wageni tunawaambia samaki humletea vipele. Wewe ulipokuwa unamtumia Baba mdogo Tajudini hela atununulie mukeke siku za Ijumaa, tulikuwa tunawapa jirani. Sababu yake alinitamkia mara moja tu, nami sijamuuliza tena: "Mi siwezi kula kitu yenye imetoka mu ile maji. Nani anajua imekula nini."

Umeelewa sasa, mdogo wangu. Massoudi hana kaburi.

Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili, karatasi ya kwanza nikaichana. Boti aliyokuwa anarudi nayo kutoka Kigoma na mizigo ya tajiri wake ilipinduka kwa upepo, kama ulivyojua. Watatu walipatikana. Yeye hakupatikana. Baba mdogo na wenzake walimtafuta siku tisa, ufuko kwa ufuko mpaka Rumonge, na siku zote tisa Mama alishinda bandarini amekaa juu ya gunia, hataki chai, hataki mtu amshike mkono. Siku ya kumi tulimsalia sala ya ghaibu msikitini, tukasoma hitima, na sheikh akatuambia aliyekufa maji ni shahidi. Neno hilo lilimtuliza Mama kidogo. Mimi halikunituliza.

Uongo ulianza siku ya pili. Wewe ulikuwa na miezi mitano tu kwenye ile kambi yenu ya wakimbizi, theluji mpaka dirishani, hujapata karatasi, na habari ulishaisikia kwa watu. Ulipiga simu kwa Baba mdogo usiku, yeye na Mama wameshatoka bandarini. Mimi nilikuwa uani kwenye jiko, nawapikia waliokuja kutufariji, sikuona kitu, nilisikia tu. Ulikuwa unalia kwa sauti mpaka simu inakwaruza. Ukauliza, "Amezikwa?" Kukawa kimya. Halafu nikamsikia Baba mdogo anasema, "Amezikwa, alhamdulillahi." Nawe ukaacha kulia, ukasema basi, kama amezikwa, basi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tulijua ukisikia amepotea hutalala, utatoka kambini urudi kwa mguu, utaharibu kila kitu ulichokwenda kukitafuta. Tukasema tungoje upate karatasi. Ulipopata, tukasema tungoje uoe. Ulipooa, Mwantum alikuwa mjamzito. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imetutembeza miaka sita, na viatu vimetuishia miguuni.

Kisha ukaomba picha. Hapo ndipo sisi tulipokosea kosa ambalo sijui kama lina msamaha. Lile kaburi ulilotumiwa, lenye mawe meupe na mti mdogo kichwani, ni la babu. Tulilipaka chokaa jioni, tukapiga picha kwa mbali. Tulifikiri utaiangalia mara moja ulie yaishe. Kumbe uliiweka usoni mwa simu yako, na mwaka jana mwanao mkubwa akaniambia kwenye video, "Shangazi, huyu ni baba mkubwa," akinionyesha mawe yale. Nilikata simu nikasingizia umeme.

Na kila Ijumaa unamuuliza Mama kama amekwenda kumtembelea Massoudi, naye anajibu amekwenda, amefagia, amenyunyiza maji. Akishaweka simu chini anaingia chumbani, na mimi najifanya sisikii. Hela ulizotuma za kulijengea kaburi hatukuzila, tuliwanunulia watoto wa madrasa misahafu kwa jina lake. Hilo peke yake naweza kukueleza bila kuinamisha kichwa.

Ndiyo maana swali lako la boti lilinichoma. Ulisema kwa furaha kabisa: asubuhi twende sote makaburini kwa Massoudi, jioni tumpeleke Mama ziwani ale mukeke wa kuchoma apumzike roho. Wewe umemwandalia zawadi, hujui unamkaribisha wapi.

Nilirudi nyumbani Jumanne nimeshaamua. Nitakwambia boti haifai, chakula chao cha hovyo, mbu wengi, tutakula nyumbani. Uongo mmoja zaidi juu ya mingine, ungekaa vizuri tu. Lakini Houda hana breki mdomoni. Kabla sijavua viatu alishamweleza Mama yote, daftari, swali na machozi yangu.

Mama alingoja tumalize kula. Halafu akaniita nikae karibu. Nakuandikia kama alivyotamka: "Umuandikie Anouar ukweli. Mi nimechoka kudanganya mutoto mwenye anaishi juu ya mutoto mwenye amekufa." Nikamwambia sawa, na boti nitamkataza. Akaniangalia kama vile nimepepeta mchele vibaya. "Apana. Boti tunapanda. Mutoto wangu iko mu ile maji, basi ile maji ndiyo kaburi yake. Kaburi inatembelewaka. Mi sijamutembelea hata siku moja."

Nilimkumbusha presha, nikamkumbusha kwamba tangu siku ya kumi hajakanyaga ufukweni, hata tukipita mtaa wa Rohero anapenda tuzunguke ili asilione ziwa mwisho wa barabara. Akasema anajua. Akaniuliza jambo moja tu: mtu akienda makaburini anajua asimame wapi na auelekeze uso wapi akitoa salamu, je, ziwani atageuka upande gani? Nilikwenda kumuuliza sheikh, naye akafikiri sana, akasema popote, Mungu anamjua alipo. Nilipomletea Mama jibu hilo aliitikia kwa kichwa, lakini najua halikumtosha.

Basi jibu langu ni hili. Kama ni kwa chakula, vitambaa vyeupe na viboko, usilipie, hela yako ina kazi nyingine. Kama ni kwa Mama, lipia. Sylvère nilimrudia jana nikamweleza kwa ufupi. Alisema boti ikisimama jua linapozama atazima muziki, hata kama wageni wengine watanung'unika. Magharibi itatukuta pale pale. Nafasi ametushikia mpaka mwisho wa Juni.

Lakini safari hii ulipanga kabla hujajua, na sasa unajua. Huenda ukatukasirikia usitake kutuona. Una haki. Ningekuwa mimi, ningevunja kitu. Ninachoogopa si ukali wako, Anouar, ukali nimekulea nao tangu una meno mawili. Naogopa usije ukanyamaza, Ijumaa ipite simu isilie, na Mama akae pale barazani ameishika mkononi. Ameshapoteza mmoja asiyejua alipo. Usimfanyie wawe wawili.

Nilidhani nimemaliza, nikamsomea Mama barua hii tangu mwanzo. Nilipofika pale pa simu, pa Baba mdogo kusema amezikwa, alinizuia kwa mkono. Akasema nimeandika vibaya. "Usimuwekee Tajudini ile zambi. Uliposikia kimya, alikuwa ananiangalia mi. Mi ndiye nilimuitikia na kichwa." Anouar, miaka yote hii nimemnunia Baba mdogo kwa neno lile, mbele ya watu na kisogoni, na yeye hajajitetea hata mara moja. Mama anasema aliitikia kwa kichwa kwa sababu alikusikia unavyolia, na mmoja wa wanawe alikuwa bado anaweza kutulizwa.

Msalimie Mwantum, umwambie hakuna aliyemficha kwa ubaya. Wabusu watoto, na huyo mkubwa umweleze mwenyewe habari ya picha, kwa namna utakayoona. Houda anakusalimia, anataka kalamu za rangi. Baba mdogo Tajudini nimemwendea usiku huu huu kumwomba radhi. Akaniambia nilifute hilo la kichwa cha Mama, lawama nimwachie yeye tu, amekwisha kuizoea. Sikulifuta, kwa sababu Mama amekaa hapa kando yangu anahakikisha.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kuisoma barua hii mpaka hapa, akulinde na baridi, na akurudishe kwetu Julai ukiwa na hasira zako zote, tutazipokea.

Wako akupendaye, niliyekuficha nikiwa nakupenda vile vile,

Dada yako,
Asiya