Daftari la Makanyagio

Mpanda, Aprili 1976

Hilaria, naandika haraka. Dereva wa lori la kuja huko Karema anaisubiri barua hii.

Unakumbuka ofisi ilinituma kuhesabu wapita njia wa mtaa wenu wa Makanyagio, ili ipange barabara ya mabasi? Ile wiki ya mvua sikusimama barabarani. Nilikaa jikoni kwenu tukimenya karanga, nikajaza namba za kubuni. Mia sita kwa siku, Hilaria. Mia sita.

Leo ramani imetoka. Nyumba saba zimepigwa X nyekundu, zibomolewe.

Mama mmoja akaniuliza, "Nani alituhesabu? Hapa wanapita mbuzi." Akarudia, "Nani?" Daftari nilikuwa nalo kwapani. Nikasema sijui.

Aliyeuliza ni mama yako. Amenishika mkono, ameniomba mimi nimtafutie huyo mtu.