Kilomita Elfu Tisini na Sita

Jumamosi, 7 Juni 2025. Mbeya
Nimenunua kenta ya kubebea mchele. Milioni thelathini na moja na nusu. Miaka kumi na moja ya kuuza mchele, kuanzia debe moja barabarani pale Ipogolo, Iringa — leo nimepanda gari langu mwenyewe.

Niandike ilivyokuwa. Tulifika yadi saa mbili na nusu, mimi na Sedekia, dereva niliyemwajiri. Muuzaji anaitwa Vitus. Kusikia natoka Iringa akanisalimia, "Kamwene, mama." Eti bibi yake wa huko. Nadhani kila mteja anapewa bibi wa kwao. Gari safi, injini imeoshwa inang'aa. Kwenye dashibodi kilomita 96,400. Sedekia akagusa injini, akakuta ya moto tayari. Vitus akasema waliliwasha asubuhi kulisogeza mbele. Tukalizungusha barabara tambarare, dakika kumi. Simu ya Vitus ikaita mara mbili — mtu wa Makongolosi, yuko njiani na pesa taslimu. Sedekia akaninong'oneza tulipandishe kilima kwanza. Nikamjibu mtu wa Makongolosi ana dhahabu, hatatungoja sisi.

Nikasaini. Karatasi inasema nimelikagua, nimeridhika, halirudishwi.

Jumanne, 10 Juni. Ubaruku
Mzigo wa kwanza, magunia thelathini na tano. Kila gunia nimelichoma bambo, kile chuma cha kuchotea mchele wa ndani: juu, katikati, chini. Mashineni wananitania, wanasema Mama Pendo atamchoma bambo hata mkwewe siku ya posa. Waseme. Magunia mawili nimeyakataa. Juu mchele mzuri, chini chenga tupu. Kesho alfajiri tunaondoka.

Jumatano, 11 Juni. Makambako
Limechemsha. Mara tatu kutoka Igawa mpaka hapa. Madumu sita ya maji. Moshi mweupe.
Sedekia hajasema "si nilikwambia." Afadhali angesema.

Jumapili, 15 Juni. Ipogolo
Mchele ulifika Ijumaa kwa gari la kukodi. Kenta ilivutwa.

Leo baada ya ibada fundi Eliezeri amefungua injini. Silinda hedi ina ufa wa zamani, umezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi. Anasema, "Mama, likiwa tupu kwenye tambarare halisemi kitu. Lipe mzigo na mlima, litasema lenyewe." Nyuma ya kiti cha dereva kakuta kikadi cha kumbukumbu ya kubadilisha oili. Machi 2023. Kilomita 318,200.

Nimepiga hesabu mara mbili. Zimefutwa 221,800, na hapo nimekubali kwamba halikusogea hata hatua moja tangu siku ile ya kikadi.

Hedi mpya na kazi, milioni sita na laki mbili. Sina. Nilichonacho chote kimo ndani ya gari hili.

Kinachonikaa kooni ni kingine. Gunia la laki mbili nalichoma mara tatu. Gari la milioni thelathini na moja nimelinunua kwa kuangalia mdomo wa gunia.

Jumatatu, 23 Juni. Mbeya
Eliezeri alilifungafunga, Sedekia akalileta tupu, polepole, akisimama kila mlima. Nimemwekea Vitus kikadi mezani. Hakupandisha sauti. Kasema kikadi kinaweza kuwa cha gari lolote. Akatoa karatasi yenye sahihi yangu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mama, mteja wako akirudisha mchele baada ya wiki mbili, unaupokea?"

Risiti zangu zina muhuri: mzigo ukishapokelewa haurudi. Nilienda mwenyewe kuuchongesha.

Nikamwambia basi nakwenda polisi. "Nenda, mama yangu. Ila litakaa kituoni kama kielelezo. Mwaka, miaka miwili. Juani."

Kisha akavuta kiti karibu. Kasema niliache hapa, walioshe, waliuze kwa thelathini na moja. Yeye anachukua moja, mimi narudishiwa thelathini. Sharti ni moja, mteja akija niwepo. Kasema watu wakimwona mama mwenye vumbi la mchele hawaulizi sana.

Nimesema nitafikiri. Funguo nimemwachia. Sijui kama huko ndiko kufikiri.

Alhamisi, 26 Juni. Yadi, saa nne asubuhi
Mteja kaja. Anaitwa Atuganile, katokea Tukuyu, anasomba ndizi na viazi. Pesa si yake peke yake, ni ya kikundi chao. Yeye na wenzake kumi na wawili. Thelathini na moja kwa kumi na tatu: milioni mbili, laki tatu na elfu themanini na nne kila mmoja. Kichwa changu kimegawanya kabla sijakiruhusu.

Wamelizungusha ile ile barabara tambarare. Sasa Vitus yuko kwenye simu, anamsihi mtu wa Makongolosi asije kwanza.

Huyu mama kaja kukaa nami kwenye benchi. "Dada, mbona unauza gari zuri hivi?"
Nikasema naongeza mtaji. Neno lilitoka upesi, kama nililala nalo.
"Na milima? Kwetu ni kupanda na kushuka tu."
Nikasema halili mafuta sana. Ni kweli. Halikuwahi kwenda mbali likayala.

Akacheka, akanigonga bega. Kasema hata yeye kilichomtuliza ni kumkuta mwanamke mwenzake hapa, wanaume wa yadi wana maneno mengi. Miwani kaiacha nyumbani. Kaniomba nimsomee karatasi kabla hajasaini, maana Vitus anasoma kama anafukuzwa.

Nimemwambia aningoje kidogo, namalizia hesabu zangu. Anaona naandika, ananipisha. Vitus ameshusha simu, anatuangalia.

Karatasi, maneno yale yale niliyosaini mimi, iko gotini, chini ya daftari hili. Mistari minne tu. Mama kajisogeza, kainamisha sikio.

"Haya dada. Polepole, nielewe."